Nyumba ya Meogol Iliyoachwa Tupu

21 Aprili. Kipimo cha bwawa: mita 163.4

Mvua haijanyesha tangu Februari. Redioni wanasema ziwa litashuka kuliko mwaka wowote, na wazee wa Mji Mpya wameanza kuamka alfajiri kwenda ukingoni, kana kwamba kuna mtu wanayemsubiri atoke majini. Mimi sikwenda. Nilikwenda ofisini kwa chama chetu, chama cha tuliohamishwa Neutigol, kijiji kilichofunikwa na ziwa hilo, nikawasha mashine na kufungua ile skrini nyeusi ya kuandikia amri.

Hiyo ndiyo njia yangu ya kwenda nyumbani. Naandika herufi mbili, c na d, kisha jina la saraka, yaani folda, na ninaingia. Ya kwanza ni Neutigol. Ndani yake kuna Juu na Chini, vitongoji vyetu viwili. Ndani ya vitongoji kuna nyumba arobaini na saba, kila moja kwa jina la kijiji alikozaliwa mke wa nyumba, kama tulivyozoea kuziita: Garae, Solmoe, Meogol. Na ndani ya kila nyumba kuna picha, barua, vyeti vya shule, chochote ambacho watu walikiokoa bwawa lilipofungwa mwaka 1969. Kazi ya kupanga haya yote imenichukua miaka kumi na tisa. Ukitaka kwenda kwa jirani unaandika cd na nukta mbili zilizofuatana, unatoka uani mpaka njiani, kisha unaingia kwake. Inawezekana pia kuruka moja kwa moja kwa kuandika njia nzima tangu mwanzo. Mimi siruki. Kule hakuna aliyekuwa akiruka.

Solmoe ni kwetu. Meogol ni nyumba ya aliyekuwa mkuu wa kijiji, marehemu mzee Pyo. Iko mahali pake, ya tatu katika Juu, kwa kuwa mimi sidanganyi kuhusu mahali. Lakini ndani haina faili hata moja.

Mchana alikuja mwanawe, Pyo Sang-gu, mwenyekiti wa chama. Ana miaka sitini na tisa, mitatu pungufu yangu, na anapaka nywele rangi.

"Kaka, hiyo skrini yako nyeusi kama sufuria ya mjane bado hujaitupa?"

"Ninyi mnabonyeza picha na hamjui mmesimama wapi. Hii inaniambia."

"Haya, ikuambie na hili." Akaweka karatasi mezani. "Ukumbi wa kumbukumbu unafunguliwa tarehe tisa Julai. Hayo ni maneno kuhusu baba, ya kuweka katika nyumba yetu. Hata picha moja ya kwetu hujaiweka. Watu watauliza."

Nilisoma alipoondoka. *Mkuu wa kijiji Pyo aliwapigania watu wake hadi siku ya mwisho, na alikuwa wa mwisho kuondoka Neutigol.* Nilisoma mara mbili, kisha nikaikunja karatasi vizuri sana.

22 Aprili. 163.3

Hakuna jipya.

29 Aprili. 162.1

Mama wa Garae amekuja na mtungi wa kimchi, kabichi ya pilipili ya majira ya baridi, iliyochacha ninavyoipenda. Ana miaka themanini na tisa na bado anaubeba mwenyewe mgongoni. Mumewe alijitosa katika ziwa hilihili mwaka wa kwanza baada ya kuhama. Tangu hapo kila mwaka ananiletea mtungi, kwa sababu baba yangu naye alikufa baridi ya mwaka huohuo, kwa kukaa kimya tu akitazama ukuta. Anasema sisi ni nyumba mbili za msiba mmoja.

Mlangoni alipishana na Sang-gu.

"Mama, hujambo? Mgongo vipi?"

Akatema mate, karibu na viatu vyake, si juu yake. Ana shabaha, miaka hamsini hajawahi kukosea kipimo hicho.

"Mgongo unabeba," akasema. "Wa baba yako ulibeba nini?"

Sang-gu akafuta kiatu kwenye zulia na kuondoka. Hajibu kamwe. Hiyo ndiyo inayonichoma zaidi.

6 Mei. 160.6

Niandike hapa kwa usahihi, ili nikifa kabla ya Julai pawe na mahali panaposomeka wazi.

Zamani mkuu wa kijiji alitunza mihuri ya watu wote, ambayo kwetu ndiyo sahihi ya mtu. Ilikuwa mihuri ya mti, ya bei ndogo, iliyochongwa na fundi mmoja apitaye, na yote ilikaa katika sanduku moja jikoni kwake. Mbolea ikija, mbegu zikija, karatasi ya kodi ikija, aligonga mwenyewe, watu wasiache shamba kwa ajili ya karatasi. Hakuna aliyeona ubaya. Februari mwaka 1966 ilikuja hati ya ridhaa ya bwawa. Mzee Pyo alifungua sanduku. Siku moja, mihuri arobaini na saba. Watu walipata habari wakati wapimaji walipokuja kupiga vigingi katika mashamba yao, na kila aliyelalamika alionyeshwa kwamba amekwisha kukubali. Pyo akasema alilazimishwa, hati ilipotea, haikuwahi kuwa na mihuri yote. Watu waligawanyika, nusu wakamwamini.

Mwaka 1987, nilipokuwa karani wa wilaya, tulihamisha majalada ya zamani. Hati nikaikuta. Niliitolea nakala na kuirudisha. Miaka thelathini na mitano nimeitunza ndani ya kamusi. Sikuitoa Pyo alipokuwa hai, kwa kuwa angekufa siku ya pili na watu wangemhurumia. Nilitaka siku ambayo atasifiwa.

Siku hiyo imepangiwa tarehe, na mwanawe mwenyewe ndiye aliyeipanga. Ukumbini kutakuwa na skrini ya ukuta mzima. Wageni watachagua nyumba na kuona yaliyomo. Nitaijaza nyumba ya Meogol, kama alivyoomba. Faili moja.

14 Mei. 158.9

Leo nilitembea kwenye mashine kutoka kwetu hadi Meogol, polepole, kama anayepima ardhi kwa kamba. Toka Solmoe, toka Chini, ingia Juu, ingia Meogol. Katika mashine za nchi hii alama inayotenganisha saraka na saraka huonekana kama alama ya won, hela yetu. Kila mlango wa kijiji changu una alama ya hela. Kwa wengine ni kasoro ya mashine. Kwangu ni ushahidi.

15 Mei. 158.8

Upepo wa vumbi. Macho yanauma. Daktari anasema mtoto wa jicho la kulia amekomaa, tupange upasuaji. Nikamwambia baada ya Julai.

28 Mei. 156.2

Kitongoji cha Juu kimetoka majini. Tulikwenda kundi zima, na mabuti ya mpira. Matope yamepasuka kama vigae. Kuta hakuna, ila misingi ya mawe iko, na vizingiti.

Sang-gu alisimama juu ya kizingiti cha baba yake, akavua kofia.

"Hapa ndipo palipokuwa jiko," akamwambia mtu wa gazeti.

Mimi nilijua palipokuwa jiko. Nilimtazama amesimama palepale sanduku lilipokaa, na nilihisi furaha ambayo mtu wa umri wangu hapaswi kuihisi. Nilihesabu: zimebaki siku arobaini na mbili.

"Kaka, njoo upigwe picha na mimi," akaniita. "Watoto wa Neutigol."

"Matope yamenishika," nikasema.

3 Juni. 154.0

Nimeifanya.

Asubuhi ofisi ilikuwa tupu. Diski ya ukumbi, ambayo mashine inaiita E, ilikuwa imechomekwa tayari. Nilikuwa Solmoe, nimetoka kuwasalimu wangu kama kila siku. Leo sikutaka kutembea. Mkono ulikuwa na haraka. Kwa mara ya kwanza nikaruka: nikaandika cd na njia nzima, kuanzia E, Neutigol, Juu, Meogol. Mashine haikulalamika. Nikaamuru hati inakiliwe hapo niliposimama. Ikajibu: faili 1 imenakiliwa.

Nilikaa pale nimeweka mikono magotini. Ndege walikuwa wakigombana dirishani. Nilisema kwa sauti, "Baba, imeingia."

4 Juni. 153.7

Nimekula vizuri.

11 Juni. 151.3

Leo ilikuwa majaribio. Nilibeba diski hadi ukumbini, fundi akawasha ukuta, nikamwomba afungue Meogol. Ikafunguka tupu, haina kitu.

Nilirudi ofisini mbio, mbio zangu za siku hizi, na ndipo nilipoona kosa langu, kosa ambalo nilikuwa nikiwacheka nalo makarani wapya miaka ya themanini. Katika mashine hizi, ukiandika cd kuelekea diski nyingine bila kwanza kuhamia diski hiyo, haikukatalii wala haikuonyi. Inaandika moyoni mwake kwamba siku ukienda huko utaanzia hapo. Wewe inakuacha ulipo. Ungesoma mstari wa mbele ungejua, maana mahali ulipo pameandikwa palepale. Sikusoma. Jicho la kulia, na haraka.

Kwa hiyo hati ilibaki nilipokuwa nimesimama. Ilikuwa Solmoe. Nyumbani kwetu.

Nikaingia Solmoe kuitoa. Niliifungua kwanza, nihakikishe haikuharibika. Kile chombo cha kutazamia picha hukupeleka kwenye faili inayofuata ukigusa mshale, na mkono wangu uligusa. Ikaja barua ya Machi 1966, ombi la kuingia shule ya ufundi mjini, ambalo baba alinigongea mhuri wake. Nimeitazama barua hiyo mara elfu.

Baba alikuwa na mihuri miwili. Wa mti, ambao ulikaa katika sanduku la mkuu wa kijiji kama ya wote. Na wa jiwe, aliorithi, ambao aliufunga kiunoni ndani ya kijaluba na hakumpa mtu, wala mama. Ule wa jiwe una ufa, unaoanzia ukingoni na kuishia katikati kama nywele. Naujua ufa huo. Nilikuwa na miaka sita, niliuchukua kuchezea, ukaanguka juu ya jiwe la kizingiti. Nilichapwa mpaka jirani akaja kunitoa.

Nikarudi kwenye hati. Nikakuza. Mihuri arobaini na saba katika nakala ya kijivu. Miaka thelathini na mitano nimeutazama mmoja tu, wa Pyo, ulio juu kabisa. Wa baba ni wa pili kutoka juu. Sikuwahi kuusogelea, kwa sababu nilijua ni ule wa mti.

Una ufa.

Nimerudia kugusa mshale: hati, barua, hati, barua. Ni ufa mmoja.

12 Juni. 151.0

13 Juni. 150.8

Nilikwenda peke yangu. Solmoe imetoka. Hori la ng'ombe lipo, jiwe zima lililochimbwa, limejaa tope.

Baba aliniambia ameuza ng'ombe ili niende shule ya ufundi. Nililia kwa ajili ya ng'ombe yule nikiwa bwenini. Na mwaka 1969, siku ya kuhama, ng'ombe yuleyule mwenye doa shavuni ndiye aliyevuta mkokoteni wetu, na magunia ya Mama wa Garae juu yake. Nilimshika kamba mimi. Miaka hamsini na mitatu ninayakumbuka yote mawili, na sikuwahi kuyaweka katika chumba kimoja. Basi ada yangu haikutoka kwa ng'ombe.

Shule ile ndiyo iliyonipa ukarani, na ukarani ndio ulionipa mashine, na mashine ndiyo hii.

15 Juni. 150.3

Nilimfuata Sang-gu kwake. Alikuwa uani anamenya vitunguu saumu.

"Ulikuwa unajua," nikasema. Sikuuliza.

Aliona nakala ya hati mkononi mwangu. Akaweka kisu chini.

"Keti, kaka."

"Sema."

"Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Walikuwa wawili jikoni kwetu, baba zetu. Wako alikuwa anasoma majina kwa kuwa alijua kusoma kuliko wangu, na wangu anagonga. Walipofika jina la baba yako, mhuri wake wa mti haukuonekana sandukuni. Akafungua kijaluba chake. Akasema, 'Yote ni mamoja.'"

"Na ukanyamaza."

"Ungeniamini?"

"Nisingekuamini. Lakini wewe hukunyamaza kwa ajili yangu."

Akacheka kidogo, bila ubaya, na hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza, mzee aliyepaka nywele rangi, mwenye vidole vinavyonuka vitunguu.

"Hapana. Kila uliponipita bila salamu nilisema moyoni, pita, mwana wa Solmoe, pita, jishike hivyohivyo. Mama wa Garae akinitemea mate nilikuwa nawaza mtungi wake jikoni kwako. Ilinitosha. Mtu anahitaji kitu cha kumfurahisha, kaka."

"Baba yako hakumpigania mtu."

"Alikuwa wa mwisho kuondoka. Hilo ni kweli. Aliona aibu kutembea na wenzake." Akachukua kisu. "Sikiliza. Choma karatasi hiyo. Mimi nitafuta maneno yangu, wewe kama una faili yake, ifute. Nyumba mbili, zote tupu. Tuzikwe vizuri."

Niliikunja karatasi nikatoka. Njiani nilitambua kwamba nimetembea nusu saa na bado nasaga meno.

23 Juni. 149.9

Mawingu.

24 Juni. 150.6

Mvua ya msimu imeanza. Imenyesha usiku kucha na mchana.

27 Juni. 154.4

Solmoe imeingia majini tena. Nimeambiwa, sikwenda.

30 Juni. 157.0

Nimewaza hivi. Sang-gu anataka amani, na amani yake ni kimya kilekile cha baba zetu. Mume wa Mama wa Garae yumo ndani ya kimya hicho. Hasira niliyoilea miaka thelathini na mitano haikuwa ya jina la Pyo. Ilikuwa ya mkono uliogonga. Nikiipunguza kwa sababu nimeujua mkono wa pili, basi haikuwa haki hata siku moja, ilikuwa ugomvi wa majirani tu.

Tena, baba, uliniacha nikulilie. Hilo ni lako na langu.

Nimeiingiza hati katika diski ya ukumbi. Safari hii nilihamia E kwanza, kisha nikatembea, saraka moja baada ya nyingine, nikisoma kila mara mstari unaosema nilipo. Nimeiweka Meogol. Kisha nikatoka na nikaiweka Solmoe.

9 Julai. 162.7

Ukumbi ulijaa. Miavuli ilirundikana mlangoni kama majani. Sang-gu alihutubu kwa ufupi. Maneno kuhusu baba yake hakuyasoma. Alidhani tumekubaliana. Kisha akasema, "Kaka yetu Ok Chang-ryeol, aliyepanga yote haya, atatuonyesha."

Nikakaa kwenye kibodi. Skrini nyeusi ikatokea ukutani, kubwa kuliko mlango wa ghala. Watu wakacheka.

"Onyesha ya Meogol," Mama wa Garae akasema kutoka safu ya mbele. "Tuone walichojisifia."

Niliingia Juu. Niliingia Meogol. Nikafungua.

Mtu akasoma kwa sauti kichwa cha hati, na mwingine akaanza kuhesabu mihuri, na mzee mmoja nyuma akasema, "Huo ni wangu. Huo mhuri ni wangu, mimi nilikuwa jeshini." Mama wa Garae alisimama na kumgeukia Sang-gu. Safari hii alitema mate juu ya viatu vyenyewe.

Sang-gu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

Ningeweza kuishia hapo. Niandike ukweli: nilitaka kuishia hapo. Kila kitu nilichokitamani kilikuwa mbele yangu, na Sang-gu angesema aliyoniambia, na hakuna ambaye angemwamini. Mikono yangu ilikuwa magotini.

Kisha nikaandika cd na nukta mbili. Nikatoka Meogol. Nikaandika tena, nikatoka Juu. Watu walikuwa bado wanapiga kelele. Kelele zilipungua kadiri walivyoona herufi zinavyotembea ukutani. Chini. Solmoe.

"Huko ni kwenu," Mama wa Garae akasema.

"Ndiyo, mama."

Nilifungua hati, nikakuza mhuri wa pili. Kisha barua ya shule. Kisha hati. Nikaeleza ufa, na kijaluba, na aliyesoma majina. Nikasema ng'ombe wetu hakuuzwa. Sauti yangu ilikuwa ya karani anayesoma taarifa, sikuwa na nyingine.

Sang-gu aliketi, akafuta kiatu kwa leso, taratibu, na nadhani alikuwa akilia, au alikuwa anacheka. Kwa jicho langu sikuweza kujua.

Mama wa Garae alisimama muda mrefu akitazama ukuta.

"Ng'ombe mwenye doa," akasema. "Alinibebea magunia." Akachukua mwavuli wake na kutoka.

12 Julai. 164.0

Asubuhi Mama wa Garae alinipigia simu. Hajawahi kunipigia simu.

"Mtungi wangu," akasema.

Nilimwaga kimchi iliyobaki katika bakuli, nikaosha mtungi kwa maji ya moto, nikausugua na chumvi, nikauanika saa moja kibarazani kwa sababu mvua ilikuwa bado. Kisha nikaubeba mgongoni, kama anavyoubeba yeye. Ni mzito kuliko nilivyodhani.

Alinikuta langoni kwake. Hakulifungua lote. Aliupokea mtungi, akaufunua, akanusa ndani.

"Hukuuosha vizuri," akasema, na akafunga.